Ishirini Kabla ya Oktoba Kwisha

Jumatatu, 18 Agosti 1986

Barua imefika. Mwalimu Mwambire aliniita ofisini baada ya chai, akafunga mlango. Hafungi mlango kwa habari njema, hilo nimelijua tangu nilipohamia hapa chuo cha hospitali ya Mtakatifu Marta mwezi wa Mei. Akaisoma kwa sauti, polepole, kama hakimu.

Baraza la Wauguzi limeyakubali masomo yangu ya chuo cha kwanza. Miaka miwili na miezi minane! Wodi za wanaume, watoto, upasuaji, afya ya jamii — yote yamehesabiwa. Isipokuwa uzazi. Kwenye uzazi wameandika sifuri.

Ni kweli, ni sifuri. Kule Ukambani masista wa misheni hawakumruhusu mwanamume kuvuka mlango wa leba, chumba cha kuzalia. Wasichana walikwenda leba, sisi wanaume wanne tukapelekwa thieta, chumba cha upasuaji, kushika taa na kuosha vyuma. Tutawapangia mwaka wa mwisho, walisema. Kabla mwaka wa mwisho haujafika chuo kikafungwa, masista wakarudi kwao, nasi tukapewa bahasha mojamoja na baraka.

Sharti ni hili. Nizalishe akina mama ishirini kwa mikono yangu. Kila mmoja aandikwe kwenye kitabu cha kesi, na kila ukurasa uwe na sahihi ya mkunga. Mwisho tarehe 31 Oktoba. Nikitimiza, nafanya mtihani wa mwisho Desemba na wenzangu. Nisipotimiza, miaka yangu haihesabiwi tena, nianze mwaka wa kwanza Januari. Na mwaka wa kwanza haupokei mtu aliyepita miaka ishirini na mitano. Mimi natimiza ishirini na sita Desemba.

Kwa hiyo hakuna kuanza upya. Ni hii au jembe la baba kule Tezo.

Mwalimu alivua miwani. Akasema, wiki kumi, Kambi, akina mama ishirini — si wengi. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Kisha akasema: lakini sijapata kumwona mwanamume leba hapa.

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

Jumatano, 20 Agosti

Leba. Vitanda vitatu, mapazia ya kijani, saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika kumi. Msimamizi ni Sista Mueni, mtu wa Kitui, mfupi, sauti ya gwaride. Alinitazama kuanzia viatuni. Akauliza kama nimeoa. Sijaoa. "Basi utajifunza adabu hapa," akasema.

Mzazi wa kwanza alikuwa msichana, amekuja na mamake. Nimeingia na beseni tu, yule mama akasimama.

"Hee! Si wewe mwana wa Kambi wa Tezo?"

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika.

"Mimi na mamako tumeteka maji kisima kimoja. Leo uje unichungulie binti yangu?"

Nikatoka na beseni langu.

Wa pili alijifunika leso mpaka kichwani, akasema hazai mpaka niondoke. Wa tatu sikujaribu. Nimechambua pamba mchana kutwa.

Ijumaa, 29 Agosti

Siku kumi. Sifuri.

Mwanafunzi mwenzangu Jedida amezalisha wanne wiki hii, na yeye hata hawahitaji, alishatimiza ishirini zake tangu Juni. Wasichana wananiita Mkunga. Si kwa ubaya wote, lakini wananiita.

Leo nilimwambia Sista Mueni niombewe uhamisho kwenye hospitali kubwa Mombasa, huko hakuna anijuaye. Akaniuliza barua ya uhamisho itachukua miezi mingapi. Akasema tatizo si uanaume wangu peke yake. Tatizo ni kwamba naingia wakati mtu yuko kwenye uchungu, na mtu aliye kwenye uchungu hataki mgeni. "Nenda kliniki," akasema. "Kaa kwenye mizani. Wapime. Waulize watoto wa kwanza wanaitwaje. Siku wakija kuzaa uwe mtu, usiwe suruali."

Naye amekwenda kwa matroni, mkuu wa wauguzi, kunitetea. Nilimsikia kupitia dirisha: kama Baraza linamtaka azalishe, basi na tumpe cha kuzalisha, ama tumwambie leo arudi kwao!

Jumanne, 2 Septemba

MOJA!

Anaitwa Monicah, mke wa mfanyakazi wa chumvi Gongoni, watu wa bara. Nilimpima kliniki jana asubuhi, nikamuuliza mguu umemvimba tangu lini. Leo akaletwa na pikapu ya kampuni, amekaa nyuma juu ya magunia, anatukana kila shimo la barabara. Sista Mueni akamwambia pole, kuna mwanafunzi hapa, mwanamume, je? Monicah akapaza sauti: "Hata awe askari wa trafiki, mtoto atoke!"

Sista alisimama nyuma yangu, hakunigusa, alisema tu maneno mawilimawili. Ngoja sasa. Zuia kichwa. Polepole bwana. Bega. Kisha mtoto akanitelezea mikononi, wa moto, mzito, mwenye hasira! Msichana. Nilisahau kutazama saa. Sista akaitazama badala yangu, akatoa dakika kumi.

Nikasubiri kondo la nyuma. Likatoka lenyewe. Sista akanifundisha kulitandaza kwenye bakuli la enameli na kulikagua pande zote, kama mtu anayetafuta tundu kwenye shuka. "Kipande kikibaki ndani," akasema, "kitaoza, na mama atakufa wiki ijayo nyumbani kwake, nawe utakuwa unakula wali hapa hujui."

Nikaandika ukurasa wa kwanza. Akatia sahihi.

Jumapili, 14 Septemba

Sita. Wanne katika hao ni wa Gongoni. Monicah ametangaza kule kwenye chumvi kwamba kuna kijana mwenye mikono myepesi! Wake wa bara hawanijui mimi ni mwana wa nani, ndiyo raha yake.

Nilikwenda nyumbani baada ya kanisa. Baba ameuliza nasoma nini hasa sasa. Nikasema namalizia uzazi. Akasema uzazi wa mifugo? Mama akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Sikumsahihisha baba.

Jumanne, 30 Septemba

Kumi. Nusu, na siku thelathini na moja zimebaki. Mvua imekatika, barabara nzuri, wanawake wa mbali wanafika. Lakini wa huku kwetu bado. Wanakubali niwapime kliniki, wananitania, wananiita mwanangu — halafu siku yenyewe wananigeukia ukuta.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kumi na moja. Mtoto hakulia.

Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo mara mbili. Nilikifunga, nikakikata, Sista akampulizia, akampulizia tena. Hakuna. Mvulana. Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine bila kuuliza.

Kitabuni kuna nafasi ya "hali ya mtoto". Nikaandika. Halafu nikaandika namba pembeni, 11, na moyo wangu — Mungu anisamehe — moyo wangu ukasema: imebaki tisa. Nilikuwa bado sijanawa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefanya jambo leo. Naliandika hapa kwa sababu hapa pekee ndipo naweza.

Alfajiri alikuja mama wa Tezo, Kadii, mke wa Garama. Mimba ya nne. Kwa mara ya kwanza mtu wa kwetu hakunikatalia: alinijua kutoka kliniki, akasema yeye hana neno, aulizwe mumewe. Nikatoka nikamwendea Garama pale chini ya ukuta, nikamwamkia. Mtu mzima, mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Si kwa ubaya, mwanangu. Babako namheshimu. Lakini mke wangu haguswi na mwanamume mwingine. Nakuomba." Nikamwambia sitaingia. Nikampa mkono juu ya hilo.

Na sikuingia! Nilikaa korido nikikunja nguo. Jedida ndiye aliyemzalisha, saa mbili kasorobo, mtoto wa kike. Mama wa pili akawa anasukuma mtoto kwenye kitanda cha jirani, Sista Mueni yuko huko. Jedida akatoka mbio, glavu bado zina damu, akaniambia: andika huyu, Kambi. Mimi ninao ishirini na saba, watanifaa nini? Ni karatasi tu. Mtoto mzima, mama mzima, nani ataumia?

Nilikuwa na kumi na mbili. Siku kumi na nane.

Nikachukua kalamu. Saa, uzito, damu, nikamuuliza akanitajia. Palipoandikwa kondo la nyuma nikaandika "zima, limekamilika", kama nilivyoandika kurasa zote zilizotangulia. Nikaandika hivyohivyo na kwenye faili la mama. Amezalishwa na: D. Kambi.

Zamu ilipokwisha Sista Mueni alitia sahihi kurasa tano za wanafunzi watatu, amesimama, mkoba begani. Hakuusoma wa Kadii. Angeusomea nini? Ananiamini.

Kumi na tatu.

Jumapili, 19 Oktoba

Kumi na sita. Na leo mmoja ni wa Tezo kweli, mjane mtu mzima, akasema yeye hana mume wa kumuuliza. Zamani ningeruka kwa furaha.

Nikifungua kitabu, kidole kinaruka ukurasa mmoja.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kumi na nane.

Kadii amerudi. Siku ya kumi na moja tangu ajifungue. Garama amemleta kwa baiskeli, amemfunga mgongoni kwake kwa leso asianguke. Homa kali, meno yanagongana. Wamempima damu, wameona malaria. Daktari Thuku akamwandikia sindano za klorokwini, akalazwa wodi ya akina mama, kitanda cha sita.

Malaria. Nani pwani hii hana malaria? Nilipumua. Nikaenda kuwasalimu. Mtoto ananyonya vizuri. Garama akanishukuru kwa kutimiza ahadi siku ile.

Akanishukuru!

Jumatatu, 27 Oktoba

Ishirini. Saa nane mchana, mke wa fundi cherehani wa Kilifi. Jedida alininunulia soda, wasichana wakapiga makofi mlangoni mwa bweni, Mwalimu Mwambire akanipa mkono mbele ya darasa zima na kusema kijana huyu ametufundisha sote. Fomu zinakwenda Nairobi Ijumaa na gari la dayosisi.

Nimeinywa soda. Sijui ilikuwa na ladha gani.

Homa ya Kadii haijashuka. Amemaliza klorokwini, wameanza kwinini jana. Leo nilikuwa nikipanga mashuka wodini Daktari Thuku alipopita. Alisimama kitanda cha sita muda mrefu. Akamwuliza muuguzi damu inatoka? Inatoka kidogo, daktari, ya siku za uzazi. Ina harufu? Kidogo. Akaomba faili la leba. Akalifungua, akapitisha kidole, akasoma kwa sauti: kondo zima, limekamilika. Akalifunga. "Basi si huko," akasema. "Endeleeni na kwinini."

Nilisimama na mashuka mikononi. Ni mwandiko wangu aliousoma. Anamtibu mtu kwa neno nililoandika korido!

Labda lilikuwa zima. Jedida si mzembe. Labda ni zima.

Jumanne, 28 Oktoba

Nilimngoja Jedida nje ya jiko. Nikamuuliza swali moja tu: ulilikagua?

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akatazama huku na huku. Akasema mama wa pili alikuwa anapiga kelele, aliliacha kwenye bakuli aje alitazame baadaye. Aliporudi, faili lilishaandikwa kwamba kondo ni zima. "Nikadhani umekwenda ukaliona mwenyewe, Kambi! Si wewe uliyeandika?"

"Mimi sikuvuka ule mlango. Nilimpa mumewe mkono."

"Sasa nani aliliona?"

Hakuna. Mhudumu alilichukua akalitupa shimoni pamoja na mengine.

Jedida akakaa chini palepale kwenye kuni. Akalia bila sauti. Baba yake ni kibarua kwenye mkonge Vipingo, watoto saba, nyumba yao iko njia ya kwenda Kuruwitu, yeye ndiye wa kwanza kuvaa sare. Akasema, tukisema tunafukuzwa wote, na Sista Mueni pia, maana alitia sahihi. Na kama ni malaria tu? Tutakuwa tumejichoma kwa malaria. Ngoja mpaka Ijumaa, akasema. Fomu ziende. Kwinini haijamaliza siku zake.

Nikasema sawa.

Nilisema sawa! Saa kumi nikapita wodini. Kadii hakunijua. Alimwita muuguzi kwa jina la mamake. Mtoto analishwa maziwa ya kopo na shangazi yake, Nyevu, ambaye ananyanyua shuka kila mara kumpepea.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimesema.

Asubuhi kabla ya raundi, nilimkuta Daktari Thuku akinawa. Nilikuwa nimepanga maneno. Yalipotea. Nikasema: daktari, lile neno la kitanda cha sita, kondo zima, si kweli. Sisemi halikuwa zima — hatujui. Hakuna aliyelikagua. Mimi ndiye niliyeandika na sikuwamo chumbani.

Hakunigombeza. Alifunga bomba. Akauliza, "Tangu lini unajua nalitegemea neno hilo?"

Nikasema tangu juzi.

Hapo ndipo aliponitazama. Siku mbili. Akatoka na mikono ikidondosha maji, akaenda moja kwa moja kitanda cha sita, akavuta pazia. Alipotoka akasema anasafishwa kizazi kesho asubuhi, kwanza aongezewe maji na dawa ya sindano, leo hawezi kustahimili usingizi wa thieta. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: kama ningalijua Jumatatu ningalimsafisha Jumatatu.

Mwalimu Mwambire amechukua kitabu changu. Mlango umefungwa. Akauliza nani alizalisha. Nikasema sikuwa mimi. Akauliza nani, mara tatu. Sikumtaja. Mara Jedida akaingia bila kubisha, akasema ni mimi, Mwalimu, na wazo lilikuwa langu. Mwalimu akashika kichwa.

Sista Mueni aliitwa baadaye. Nilimngoja nje, nikataka kupiga magoti. Akanizuia kwa mkono. "Usinilie mimi," akasema. "Nilitia sahihi kitu nisichokisoma. Hilo ni langu." Akaenda hatua mbili, akageuka. Sauti yake ya gwaride haikuwapo. "Wale kumi na tisa, Kambi. Wale ni wako kweli?"

"Kweli, Sista."

"Nilisimama nyuma yako," akasema, kama anajihesabia mwenyewe. Akaenda.

Nimevuliwa sare. Nisikanyage wodi mpaka kamati ikae kesho saa sita. Nani atazalisha mtu wa ishirini bila kukanyaga leba! Lakini nashangaa, hilo limekuwa jambo dogo leo. Limekaa mbali, kama kelele za shamba la jirani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, nje ya thieta. Hapa si wodi. Hakuna aliyenifukuza.

Kadii yuko ndani kwenye machela, wameshamtundikia maji. Daktari Thuku amevaa. Wanangoja karatasi ya idhini tu. Muuguzi wa thieta, mtu wa bara, alimletea Garama karatasi na kibweta cha wino wa dole gumba, akasema bonyeza hapa mzee, upesi. Garama akauliza imeandikwa nini. Akaambiwa ni ya kumsafisha mkeo, bonyeza. Akasema hapana, kwanza asomewe. Muuguzi akaingia ndani kwa hasira.

Garama akaniona. Nguo za nyumbani, sandali. Akaja na karatasi.

"Wewe mtu wa kwetu," akasema. "Nisomee. Kila neno, usiruke."

Karatasi ni ya Kiingereza. Ningeweza kumsomea chochote. Hapana ambaye angejua.

Nikaanza kumfasiria. Jina la mgonjwa, Kadii Garama. Umri. Kitanda. Operesheni, kusafisha kizazi. Hatari zake: damu, kutoboka, kifo. Aliinamisha kichwa kila neno. Kisha mstari ambao karani aliunakili kutoka kwenye faili, faili ambalo hakuna aliyekumbuka kulisahihisha: Alijifungua hospitalini hapa tarehe 13 Oktoba. Amezalishwa na —

Kidole chake kilikuwa kimeshaingia kwenye wino.

Nikasoma. Amezalishwa na D. Kambi.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

Hakupandisha sauti. "Ulinipa mkono."

Nikamwambia yote. Kwamba sikuingia, kwamba ni msichana aliyemzalisha, kwamba nilihitaji namba nikaandika jina langu. Kwamba niliandika kitu kimetoka chote bila kukiona, na daktari akaamini, na ndiyo maana mkewe amechomwa sindano za malaria siku sita. Kwamba nilijua siku mbili nikanyamaza. Sikujua kama nitaweza kulisema hilo la siku mbili. Nililisema.

Nyevu, aliyekuwa amempakata mtoto mwisho wa benchi, akasema, "Yallah!" akafunika uso wa mtoto kwa leso kana kwamba nitamdhuru.

Garama akaitazama karatasi iliyo mkononi mwangu. "Kwa hiyo mnaandika tu," akasema. "Mtu anaweza kuwa hakuwapo, na karatasi ikasema alikuwapo."

"Ndiyo, mzee."

"Na hii ya leo?" Akaigusa kwa mkono usio na wino. "Hii inayosema wamfungue mke wangu. Hii nayo nitajuaje?"

Nikamwambia hii ni kweli. Nikamwambia kila saa inayopita ni mbaya zaidi. Nikasikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa mepesi. Kwa nini aniamini? Ningekuwa yeye, nisingeniamini.

Akasimama, akatoka uani. Amesema nisiondoke.

Namwona kupitia wavu wa dirisha. Amesimama karibu na baiskeli yake, dole gumba limeinuliwa mbali na shati, jeusi. Karatasi ninayo mimi hapa magotini, mahali pa kidole ni peupe. Muuguzi ametoka mara mbili kuuliza. Mara ya pili nyuma yake niliisikia sauti ya Daktari Thuku: mapigo yanakwenda mia na arobaini, huyo mume yuko wapi?

Sista Mueni amekuja kutoka leba, aproni imelowa. Ameniuliza kwa macho, nikamwonyesha dirishani. Amekwenda uani. Amesimama mbele ya Garama, mfupi, mikono nyuma. Ni Garama anayesema, na yeye anaitikia kwa kichwa, anaitikia tena. Sasa Sista ananyoosha kidole huku kwangu.

Garama anageuka. Anakuja, sijui ananijia mimi au karatasi. Nasimama, namnyooshea karatasi.